Ugonjwa wa Gari Unaokuja na Kuondoka

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wenye magari wa Buger, Wilaya ya Karatu

Twajua ya kuwa wengine wenu mmeacha palizi shambani, na wengine mmetembea mwendo mrefu kutoka upande wa msitu wa Marang. Basi hatutawachosha kwa maneno ya utangulizi. Twataka kuzungumza habari moja tu, nayo ni ya pikapu ambayo leo yachaji betri yake vizuri, kesho haichaji, na kesho kutwa yachaji tena kana kwamba haikuwa na kosa lo lote.

Labda mtu atauliza, Jambo hili lamhusu nini Mwenyekiti wa Kijiji au Mwalimu, ambaye pengine hana hata pikipiki? Lamhusu sana. Hapa kwetu pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo ipelekayo mahindi na mbaazi sokoni, ndiyo ileteayo shule vitabu na mabati, na usiku, mtu akishikwa na maradhi, ndiyo iamshwayo kwanza. Pikapu isiyochaji ni sawa na ng'ombe wa maziwa aliyekauka, na pikapu ichajiyo mara moja moja ni mbaya zaidi, kwa sababu yaahidi na haitimizi.

Sisi tunaosema nanyi ni watu watano tulioshirikiana kununua Toyota Hilux ya dizeli, kuukuu kwa umri lakini yenye nguvu. Ugonjwa wake ulianza wakati wa masika. Asubuhi stata ilizunguka kwa uvivu, kama punda aliyepakizwa magunia mawili. Tukampelekea fundi, naye akaitazama betri, akasema, "Betri imekufa." Tukanunua mpya. Kwa muda wa siku kumi na mbili gari likawa zima. Siku ya kumi na tatu uvivu ukarudi, na ile taa nyekundu yenye picha ya betri ikaanza kuwaka kwa mbali, ikizima na kuwaka. Fundi akasema, "Basi ni altaneta." Tukachanga fedha tena, tukanunua altaneta iliyokwisha kutumika. Wiki tatu zikapita bila matata, nasi tukamsifu fundi mbele za watu.

Kisha usiku mmoja tuliitwa kumchukua mama mjamzito kumpeleka hospitali, Karatu mjini. Tulipokwisha kupata kama nusu ya njia, taa kubwa za mbele zikaanza kuwa nyekundu, kama makaa yanayofunikwa na majivu. Injini haikuzimika, kwani dizeli ya namna ile haiwashi mafuta yake kwa cheche za umeme; lakini njia hatukuiona, na ukungu ulikuwa umeshuka. Kijana mmoja mwenye bodaboda alitukuta hapo. Akatutangulia polepole, nasi tukaifuata taa yake ya nyuma kama kondoo wamfuatavyo mchungaji, mpaka tukafika kwenye lami. Yule mama alijifungua salama kabla ya mapambazuko. Lakini njia nzima hakuna mmoja wetu aliyesema neno, na mama mkwe wake, aliyekuwa amemshika mkono, alituuliza mara moja tu, "Wanangu, gari hili mlilitengeneza, au mlilinunulia vitu?"

Hatukuwa na jibu. Na swali lake ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

Kwanza yapasa tueleze kwa ufupi jinsi umeme wa gari unavyofanya kazi, maana asiyeujua mto hawezi kusema umekatika wapi. Betri haitengenezi umeme usiokwisha. Ni ghala tu. Ghala hilo lina vyumba sita, kila chumba chatoa kama volti 2.1, na jumla ni volti 12.6 ikiwa limejaa. Mtambo wa kulijaza ghala huitwa altaneta. Mkanda wa injini waizungusha, ndani yake sumaku ya umeme yazunguka katikati ya nyuzi za shaba, na umeme wazaliwa katika nyuzi hizo. Aliyeivumbua kanuni hiyo ni Mwingereza, Michael Faraday, mwaka 1831. Umeme uzaliwao hapo hubadilika-badilika upande, nao hugeuzwa kuwa wa upande mmoja na vipande vidogo viitwavyo dayodi. Kisha kuna kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regulata; kazi yake ni kuangalia volti zisipungue wala zisizidi kiasi.

Wazee waliowahi kuendesha magari ya zamani watakumbuka dainamo. Dainamo ilikuwa mtambo wa namna nyingine, mzito, tena haukutoa umeme wa kutosha injini ilipozunguka polepole. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitia altaneta katika gari lake la Valiant mwaka 1960, na baada ya hapo watengenezaji wengine wakafuata. Twaitaja habari hii si kwa kupenda historia, bali kwa sababu ya desturi moja mbaya iliyobaki kutoka zamani za dainamo. Mafundi wengi, wakitaka kujua kama gari lachaji, hung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inazunguka, injini isipozima husema, "Yachaji." Ndugu zetu, msikubali jambo hilo lifanywe katika gari lenye altaneta. Betri ndiyo izuiayo volti zisiruke. Ikitolewa ghafula, volti zaweza kupanda mno kwa dakika ya jicho, zikaua dayodi na regulata, na katika magari mapya zikaua hata ile kompyuta ya injini. Tena katika dizeli ya zamani kama yetu, jaribio hilo halionyeshi kitu, kwa kuwa injini yaweza kuendelea kuzunguka hata kama altaneta haitoi umeme wa maana. Yaani mtu ameingia katika hatari bure.

Kipimo cha haki ni mita ya volti, kile chombo kidogo chenye waya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Siku hizi chapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme na vya sola, na bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya betri. Mwekundu huguswa kwenye kichwa cha chanya, mweusi kwenye hasi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa huonyesha kama 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu, na 12.0 ni karibu na njaa. Kisha injini iwashwe. Betri ikiwa imeunganishwa vema na altaneta yafanya kazi, mita yapanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, au ikishuka polepole, hakuna chaji. Ikipita 15, regulata ina kosa, na maji ya betri yatachemka.

Hayo ni rahisi, na kila dereva aweza kuyajua kwa siku moja. Matata ni ule ugonjwa unaokuja na kuondoka. Ni kama homa ya malaria, hupanda na kushuka. Mgonjwa akifika kwa daktari homa imetulia, amejikalia kitako anacheka. Ndivyo ilivyokuwa pikapu yetu. Kila tulipoifikisha kwa fundi mita ilisoma 14.1, na fundi akatuangalia kama watu waongo. Kosa letu na la fundi lilikuwa hili: tulipima wakati wa afya, tukatibu kwa kukisia. Na kwa kuwa ugonjwa huondoka wenyewe kwa muda, kila kitu kipya tulichonunua kilionekana kuwa ndicho dawa.

Aliyetutoa gizani ni mwalimu wa fizikia. Hakuwa fundi wa magari, wala hakujifanya kuwa ndiye. Alisema tu ya kwamba ugonjwa ukikataa kuja kwenye mita, mita iufuate ugonjwa njiani. Basi tukaunga waya mbili ndefu kwenye betri, tukazipitisha mpaka ndani ya gari, na karibu na betri, kwenye waya wa chanya, tukatia fyuzi ndogo ili waya ukichubuka usiwashe moto. Mmoja wetu akaketi na mita mapajani, wa pili akashika daftari. Tukapakia magunia kama siku ya soko, tukawasha taa kubwa ili umeme utumike, tukaondoka.

Njia laini, mita 14.1. Mlima, 14.0. Tukafika mahali ambapo mvua imechimba makorongo, gari likayumba, na mita ikaanguka mpaka 12.4, ile taa nyekundu ikawaka kwa mbali. Tukasimama, pasipo kuizima injini. Yule mwalimu alituonya mapema ya kwamba tusizime, kwa kuwa tukizima, injini itatikisika na ugonjwa waweza kukimbia. Tukafungua boneti. Akapima kwenye altaneta yenyewe, kutoka kwenye ile nati yake kubwa ya kutolea umeme mpaka kwenye mwili wake wa chuma. Mita ikasoma zaidi ya 14. Yaani mtambo ulikuwa ukifanya kazi. Altaneta tuliyoitupa kando ilikuwa nzima, na hii ya pili nayo nzima. Umeme ulikuwa ukizaliwa, lakini haukufika kwenye betri.

Hapo ndipo tulipojifunza kipimo ambacho twaona ni bora kuliko vyote. Umeme una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda ni ule waya mnene utokao altaneta mpaka chanya ya betri. Ya kurudi haionekani kwa urahisi, maana ni chuma cha injini chenyewe pamoja na waya mnene mweusi uungwao kutoka injini mpaka hasi ya betri. Injini ikizunguka na taa zikiwaka, mita hugusishwa ncha moja ya njia na ncha nyingine. Njia ikiwa nzima, mita haisomi karibu kitu. Kwa upande wa kurudi isipite 0.2. Mwalimu akagusa mwili wa altaneta kwa ncha moja, na hasi ya betri kwa ncha ya pili. Mita ikasoma 1.7. Akaushika ule waya mweusi mahali ulipofungwa kwenye injini, akautikisa kidogo, na taa za mbele zikang'aa ghafula hata kuku wa jirani wakalia.

Kamba hukatikia pabovu. Tulipoufungua waya ule, tukaona chini ya jicho lake kuna mafuta na vumbi jekundu la nchi yetu vilivyogandamana kama ulimbo, na ndani ya ngozi yake nyuzi za shaba zimegeuka kijani na kuliwa, zimebaki chache. Gari likisimama, nyuzi hizo zilishikana. Injini ikiyumba juu ya mipira yake iliyochoka, ziliachana. Tena waya huo ndio unaopitisha umeme wa stata. Ndiyo sababu stata ilikuwa mvivu, na ndiyo sababu fundi aliisingizia betri. Tukakata sehemu mbovu, tukatia jicho jipya, tukapiga msasa chuma cha injini mpaka kikang'aa, tukafunga kwa nati mpya. Gharama yake haikufika bei ya debe moja la mahindi.

Mtu aweza kudhani ukinzani mdogo kama ule hauna madhara. Hesabu yake ni hii: njia yenye ukinzani wa sehemu 5 katika 100 za omu moja, ikipitishwa ampea 50, hupoteza volti 2.5 njiani. Na volti zitenganishazo betri inayojazwa na betri inayokufa hazifiki 2. Walimu wa Darasa la Sayansi wanaweza kuwapa watoto hesabu hiyo. Ni afadhali kuliko ile ya mabomba mawili yajazayo tangi, ambayo hatukupata kuona faida yake.

Lakini tusiwadanganye ya kuwa kila gari litakuwa na ugonjwa wetu. Ndiyo maana twasisitiza daftari. Aandike dereva: saa ngapi taa nyekundu iliwaka, njia ilikuwaje, kulikuwa na mvua au jua, injini ilikuwa ya moto au baridi, taa kubwa zilikuwa zimewashwa au la. Baada ya mara tano au sita ugonjwa huanza kujitaja jina lake wenyewe. Ukija wakati wa mvua pamoja na mlio kama wa nguruwe anayekamatwa, tazameni mkanda. Umelegea au umekuwa laini kama kioo, nao wateleza juu ya puli. Ukija gari likitikisika tu, tafuteni waya uliolegea, vichwa vya betri vyenye unga mweupe, au ile plagi ndogo iliyo nyuma ya altaneta. Ukija baada ya mwendo mrefu wa jua kali na kuondoka gari likipoa, aghalabu ni ndani ya altaneta: brashi, yaani vile vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na pete za shaba, zimelika mpaka zikawa fupi, ama regulata au dayodi haivumilii joto. Hapo ndipo fundi wa umeme afungue, na hapo ndipo fedha itoke.

Kwa dayodi kuna alama nyingine. Mita igeuzwe isome umeme unaobadilika upande, kisha iguswe kwenye betri injini ikizunguka. Ikisoma zaidi ya nusu ya volti, dayodi moja au zaidi imepasuka.

Sasa twafika kwenye jambo lililotutia hofu kuliko giza la usiku ule. Katika dizeli nyingi za Toyota za zamani, kama Hilux za injini 2L na 3L, nyuma ya altaneta imefungwa pampu ndogo inyonyayo hewa. Pampu hiyo ndiyo inayoifanya breki iwe nyepesi chini ya mguu. Nayo hulainishwa kwa oili ya injini, na sili yake ikichoka oili huingia ndani ya altaneta na kulowesha brashi. Basi gari laanza kuchaji na kuacha, kuchaji na kuacha, na dereva adhani ni umeme tu. Mkionapo oili imetapakaa nyuma ya altaneta, msiioshe kwa petroli na kusahau. Vilevile mkanda ukikatika, si chaji peke yake iliyokwisha. Baada ya kukanyaga mara chache, kanyagio la breki litakuwa gumu kama gogo. Breki bado zipo, lakini zataka nguvu za miguu miwili. Mtu mwenye shehena ya vitunguu vya Mang'ola, akiwa anashuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu, taa ya betri ikawaka ghafula na kukaa, asiseme, "Nitafika Arusha." Apunguze mwendo kwa gia, asimame pembeni mahali pa salama, atazame mkanda kabla ya kutelemka zaidi.

Liko neno la mwisho, nalo litawaudhi baadhi yenu. Wako wenye magari ambao jioni hufungua betri, huibeba nyumbani, huwashia televisheni na taa mpaka usiku wa manane. Kisha asubuhi hulisukuma gari, na kumlaumu fundi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wakati wa kuwasha, si kunyonywa mpaka tone la mwisho. Ikifanywa hivyo mara nyingi hufa mapema. Zaidi ya hayo, kila mara inapofunguliwa na kufungwa, vichwa vyake hulegea, na ule ugonjwa wa kuja na kuondoka hupata mlango. Sola ina betri yake, gari lina yake. Hali kadhalika redio kubwa na taa za rangi zilizoungwa kwa waya za kusokota na kufungwa kwa mfuko wa plastiki: sisi wenyewe tulikuwa nazo, na tulipozitoa tulipata viungo saba vilivyokuwa vimeungua.

Baada ya hotuba hii tutaifungua boneti ya pikapu yetu hapo nje, na kila atakaye atajipimia mwenyewe, waya kwa waya. Altaneta yetu ya kwanza, ile tuliyoitoa bure, tumekuja nayo ikiwa imefunguliwa, ili mwone brashi na pete zake. Mita ya mwalimu itakaa katika ofisi ya shule. Aihitajiye atatia jina lake katika daftari na tarehe ya kuirudisha, na aje na kijibetri chake cha volti 9, kwa maana kilichomo ndani kimeanza kuchoka.